Nimeifuta Sijida ya Maalim

Mpendwa mshauri Bi Raihana,

Salamu nyingi, naomba msaada wako, na kabla sijaeleza naomba pia usinicheke, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mama wa msichana mmoja aitwaye Wendy, kwetu ni Kakamega lakini Tudor nimekaa miaka kumi na miwili, na lililonipata si la mapenzi wala la mawifi kama yale ninayosoma kwenye ukurasa wako kila Jumamosi, ni la picha, tena picha moja tu, lakini tangu linipate chakula hakinishuki vizuri.

Nafanya kazi Makadara, kwenye duka la fotokopi la Bwana Fuad. Tunatoa fotokopi, tunapiga chapa barua, tunawajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao na tunapiga picha za pasipoti, na hizo za pasipoti ndizo zilizonitia tamaa, maana siku moja alikuja dada ana chunusi usoni na anataka picha ya kuombea kazi, nikabahatisha bahatisha kwenye kompyuta mpaka chunusi zikapotea, akajitazama akasema "Fundi, Mungu akubariki", na mimi Bi Raihana tangu nizaliwe sijawahi kuitwa fundi, nimeitwa mama Wendy, nimeitwa wewe dada wa fotokopi, nimeitwa na mengine ambayo baba Wendy aliniita siku anaondoka, lakini fundi hapana. Siku hiyo nikaamua nitajifunza kazi ya kutengeneza picha mpaka niijue.

Nikaenda kuulizia chuo kimoja, waliponitajia ada nikawashukuru nikageuka. Ile programu inayosifiwa na kila mtu inalipiwa kila mwezi, na mwezi wangu mimi una kodi na karo na unga, hauna nafasi ya mgeni mwingine. Jamaa mmoja akaja kunitilia ile ya wizi, ikaja na virusi, kompyuta ya duka ikalala siku mbili na Bwana Fuad akaninunia wiki nzima. Mwisho nikapata programu ya bure kabisa, halali, na hiyo ndiyo ninayoitumia mwezi wa tisa sasa. Kila siku saa ya chakula nabaki dukani na chai yangu na mkate, natazama video za mafunzo, nazisimamisha kila dakika, naandika kwenye daftari kuukuu la Wendy zile kurasa alizoacha tupu. Mwalimu mzuri kuliko wote niliyempata anafundisha kwa Kihindi. Mimi Kihindi sijui hata salamu, nafuata tu kipanya chake kinakwenda wapi, na akibonyeza nami nabonyeza, na ajabu ni kwamba nimejifunza mengi kwake, ila yale anayoyasema kwa mdomo bila kuyaonyesha yamenipita yote, na sasa ndio najua kwamba mengine yalikuwa ya muhimu.

Sasa kuna mama mmoja wa Kuze anaitwa Bi Swabaha. Alikuja dukani amebeba fremu imefungwa kwenye leso, akaifungua juu ya meza polepole, ndani ni mzee wa kanzu na kofia, picha ya zamani isiyo ya rangi, unyevu umeila, ina madoa shavuni, shingoni na kwenye kanzu. Akasema, "Mwanangu, huyu ni babangu, Maalim Athmani. Sina nyengine, na sijui kama yuko mtu mwenye nyengine. Mwezi ujao tuna arusi, na watoto wa dadangu waja kutoka Maskati, hawakumuona babu yao hata mara moja. Nataka waingie nyumbani wamuone." Alikuwa amekusudia kuipeleka studio kubwa, lakini Bwana Fuad, ambaye alisomeshwa Kurani na huyo huyo maalim, akamwambia, "Bi Swabaha, mwachie Mama Wendy, mkono anao." Nilipata nguvu ya ajabu. Na alipotoka, Bwana Fuad akaniambia picha hii ikitoka vizuri atanipa ile kona ya mbele ya duka na kibao mlangoni, kwamba hapa hutengenezwa picha za zamani. Bi Swabaha aliniusia neno moja tu, nisiitoe picha kiooni kwa sababu imegandana nacho.

Nikaiskani na kioo chake, ikatoka vizuri. Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini na mlango ukateremshwa nusu, nikakaa na Maalim Athmani peke yangu. Nikafuta madoa ya kanzu, nikafuta la shavuni, nikafuta ya shingoni, nikapanda kwenye paji la uso, na pale katikati kabisa palikuwa na doa jeusi la mviringo, kubwa kuliko yote. Hilo nililipania, Bi Raihana. Lilinichukua karibu saa nzima, maana kila nikilifuta ngozi inaonekana imetiwa kiraka, lakini nilikazana mpaka paji likawa laini limenyooka, nikasevu, nikafunga, nikafungua tena nijitazamie kazi yangu, na nikamtumia ujumbe jirani yangu Sheryl kwamba sasa mimi ni fundi wa kweli.

Bwana Fuad akarudi ananukia udi. Akasimama nyuma yangu akatazama kwa muda, akasema, "Mashallah, Mama Wendy. Lakini sijida ya maalim i wapi?" Nikamuuliza sijida ni nini. Akaweka kidole kwenye paji lake mwenyewe, akanieleza kwamba mtu akisujudu miaka na miaka, pale paji linapogusa mkeka panaota sugu, panakuwa peusi, na watu wakiiona wanajua huyu ni mtu wa sala. Akasema, "Yule mzee kasujudu miaka sitini. Sisi tukiwa watoto twasoma kwake, tulikuwa twaitazama hiyo kabla ya kumtazama mato," yaani macho. Akaniambia irudishe tu, akaenda kunywa maji. Nikasema sawa, nitairudisha.

Hairudi. Nilisevu juu ya ile ile, nakala nyingine sikuweka, hilo labda ndilo mwalimu wangu alikuwa akilisema kwa Kihindi. Utaniuliza mbona nisiiskani upya, na hiyo picha yenyewe niliitoa kiooni siku ile ya kwanza nikitaka iwe safi zaidi ikachanika kidogo pale kwenye kofia na paji, na kioo nikakiosha. Basi kwa siku nne nimekuwa nikijifundisha kuichora sijida kwa brashi ya kwenye kompyuta. Nimewatazama wazee wote wanaopita Makadara mpaka mmoja akasimama akaniuliza, "Mwanangu, wanijua?" Na sasa imetoka, Bi Raihana, imetoka kama kweli. Bwana Fuad ameitazama akasema ndiyo hiyo. Sheryl, ambaye ndiye mtu pekee anayejua yote, ananiambia, "Peleka na unyamaze, nani atajua?"

Bi Swabaha anakuja kuichukua Jumatano. Nikimwambia, nitapoteza kona na kibao na labda kazi, na Bwana Fuad aliyenisemea atapata aibu kwa watu wa kwao. Nikinyamaza, atanishukuru na kuniombea dua, na mimi nitaitikia amina nikiwa najua ile alama nimeichora mimi kwa kuangalia paji la mzee mwingine asiyejulikana. Nataka kusema wazi kwamba kuacha kazi hii sitaki, hata ukiniambia niache sidhani kama nitaweza, ni kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokichagua mwenyewe. Niambie tu, ninyamaze au niseme, na kama ni kusema nianzie wapi.

Ni mimi,
Mama Wendy, Tudor

*

Mama Wendy,

Kwanza ujue kwamba majina nimeyabadilisha yote, lako na ya wengine, maana Kuze twajuana na habari haina haja ya nauli kufika. Pili nikiri kosa langu. Uliniomba nisikucheke, na nilipofika kwa yule mwalimu wako wa Kihindi nilicheka mpaka mwanangu akaja kuchungulia. Nisamehe. Nilipoisoma barua mara ya pili sikucheka tena.

Hebu tuanze na lile unaloliona wewe kuwa ndilo kubwa. Uliifuta sijida ya mtu kwa kutojua, na kutojua hakukufanyi mtu mbaya. Umefundishwa kazi na picha za pasipoti, na huko kila cheusi usoni ni adui. Mtoto wa Kakamega angejuaje? Mimi nimezaliwa Kuze, na kama ungeniletea picha ya mzee wa kwenu mwenye pengo la meno ya chini ningekwambia umtie meno, nikidhani namfanyia hisani, kumbe ndiyo mila yake. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa jambo dogo zaidi, kwamba ulikaa saa nzima ukipigana na doa moja, na mwenye kujua alikuwa msikitini, anarudi saa nane. Kuuliza si ujinga, mama. Ungengoja ukamuuliza Bwana Fuad, "Hili nini?" leo ungekuwa unaandaa kibao chako.

Sasa tuje kwenye hili ulilojaribu kunipitishia mlango wa nyuma. Barua yako ni kurasa nne. Chunusi za mteja umezipa nafasi, virusi umevipa nafasi, hata mzee aliyekuuliza kama wamjua umempa nafasi. Kioo umekipa mstari mmoja, tena umeukimbiza! "Ikachanika kidogo, na kioo nikakiosha." Mama Wendy, hapo ndipo penye barua yako. Huyu bibi alikuusia neno moja. Hakukwambia maneno kumi, alikwambia moja, usiitoe kiooni, na hilo moja ndilo ulilolivunja siku ile ile. Ile sijida uliipoteza kwa kutojua. Picha uliichana ukijua, halafu ukachukua maji na sabuni ukaosha ushahidi. Nimeona haya kwa niaba yako.

Na nitakwambia jambo la kukuuma, kwa sababu bora likuume kwangu kuliko lije likuume kwengine. Nilimpigia simu Nicodemus, mzee wa studio aliyestaafu, nikamsomea kisa bila majina. Akaniuliza, "Kioo alikifanyaje?" Nikamwambia kakiosha. Akasema, "Lo." Picha ya zamani ikigandana na kioo, ile sehemu inayobaki kwenye kioo mara nyingi yaonekana bado ukiitazama kwa mbele. Ungekiacha kioo kama kilivyo, pengine ungeiskani ile kofia na lile paji na sijida yake. Ulichokiosha huenda kilikuwa ndicho hicho unachokitafuta siku nne kwa brashi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umekaa na uchungu wako dukani wakati mkunga yuko mtaa wa pili.

Lia kidogo kama wataka kulia. Kisha unawe uso, kwa sababu kazi ipo.

Wauliza ninyamaze au niseme. Utasema. Na Sheryl umpe salamu zangu, umwambie jawabu la "nani atajua" ni kwamba wewe wajua, na ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kulala usingizi. Lakini kuna sababu nyengine ambayo Sheryl hawezi kuijua na wewe pia huijui, basi nikueleze kwa upole. Kwetu sisi alama ile haipakwi. Inakuja yenyewe kwa miaka au haiji kabisa. Husemwa wapo watu wanaojisugua paji makusudi ili waonekane ni wacha Mungu, na hakuna mtu anayedharauliwa kama huyo, kwa sababu amefanya sala kuwa ya kuwaonyesha watu. Sasa fikiria. Maalim Athmani alisujudu miaka sitini bila kumuonyesha mtu, kisha amekufa, na wewe wamtia paji la mzee wa Makadara aliyekuwa akijiendea zake kununua viazi! Hukukusudia ubaya, najua. Lakini bintiye akija kuligundua hilo kwa mdomo wa mtu mwengine, hutakuwa umemharibia picha peke yake.

Kabla ya kwenda kwa Bi Swabaha, utaanza kwa Bwana Fuad. Leo ni Jumamosi, na duka lenu nadhani lafunguliwa. Asubuhi hii hii, kabla ya mteja wa kwanza, umwambie yote, ukitanguliza lile la kioo. Alikudhamini kwa mama wa kwao, alisema mkono unao, na si haki Jumatano akakutana na habari hiyo kwa mshangao. Atakasirika. Mwache akasirike, kama aliweza kukununia wiki nzima kwa virusi ataweza na hili. Usijitetee kwa kusema nilikuwa najifunza. Kila mtu anajifunza, lakini picha ya kujifunzia haikuwa ile. Na akikunyima kona na kibao, ukubali, kwa sasa. Kibao si kitu cha kupewa kwa picha moja iliyofichwa ufa.

Halafu ile picha iliyochanika. Usiiguse tena. Usiitie gundi, usiitie selotepu, usiipige pasi, na usimsikilize mtu yeyote wa video, wa Kihindi wala wa Kiingereza. Iweke kati ya karatasi mbili nyeupe kavu, ndani ya kitabu kipana, mahali pasipo na unyevu, na utaibeba kwenda nayo kwa Bi Swabaha. Nicodemus amesema yuko tayari kuitazama, na yuko tayari pia kukuonyesha jinsi ya kuitoa picha kiooni na wakati wa kuiacha ilipo, kila Jumamosi jioni, bila ada. Ila ana sharti lake. Ana masanduku ya picha zake za zamani na kompyuta aliyonunuliwa na mwanawe, na hajui pa kuanzia. Wewe umfundishe hiyo programu yako ya bure, naye akufundishe karatasi. Nambari yake nimekutumia kando, kupitia ofisi ya gazeti. Mama Wendy, wewe uliyefundishwa na mtu usiyemwelewa hata neno moja na bado ukaweza kulainisha paji la mtu, mbele ya mwalimu anayesema Kiswahili utafika mbali. Sitakwambia uache. Ungeniuliza kama uache ningekugombeza zaidi.

Ila kuanzia leo ubadilishe namna yako ya kufanya kazi, na hili halihitaji hata senti. Picha ya mteja ikiingia, kabla hujaifuta hata nukta, itolee nakala tatu, moja uiweke kwenye kompyuta, moja kwenye fleshi, na ufanyie kazi ya tatu. Na hiyo ya tatu usiichore yenyewe, ufunike tabaka juu yake, zile wenyewe wanazoziita leya, ufanye makosa yako yote humo juu, ukikosea watupa tabaka na uso wa mtu umebaki salama. Nimeambiwa programu yako yaweza. Uliza mtu akuonyeshe kwa lugha unayoisikia. Na lile daftari la Wendy, ukurasa wa kwanza, andika kwa herufi kubwa swali la kumuuliza kila mteja kabla ya kuanza: hili ni doa, au ndiye mwenyewe? Kovu, mwanya, chale, sijida, jicho lililolegea. Atakwambia. Watu wapenda kuulizwa habari za watu wao. Tena za kujifunzia utumie picha zenu za Kakamega, uwaharibu shangazi zako kwanza, hao hawatakushtaki.

Sasa Bi Swabaha. Usimngoje Jumatano aje dukani mbele za wateja. Nenda Jumanne baada ya alasiri, wewe mwenyewe, nyumbani kwake Kuze. Jitande mtandio, piga hodi, ngoja ukaribishwe. Usibebe keki wala soda kana kwamba waenda kununua msamaha. Beba fremu, beba kitabu chenye ile picha, na umwombe Bwana Fuad akuazime kompyuta ndogo ya kubeba, au uende naye, itakuwa bora zaidi. Baada ya salamu, na salamu za kwetu ni ndefu usizikate, umwambie hivi kwa maneno yako: "Bi Swabaha, uliniusia nisiitoe kiooni, nikaitoa, ikachanika. Kisha nikafuta sijida ya baba yako kwa kutojua, na siwezi kuirudisha." Anza na kioo. Usianze na sijida, kwa sababu sijida ina udhuru na kioo hakina, na mtu mwenye kuomba radhi huanza na lile lisilo na udhuru. Ukimaliza, nyamaza. Akikutolea maneno makali, ni haki yake, ile ilikuwa picha ya pekee ya baba yake. Akilia, usimwambie usilie.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe siku hiyo. Simjui kiasi hicho, na msamaha si kitu nitakachokugawia mimi kutoka gazetini. Lakini najua akina mama wa mitaa yetu, na najua arusi iko mwezi ujao na wageni wa Maskati wako njiani, na atataka uso wa baba yake ukutani hata kama amekasirika nawe. Kwa hivyo akitulia, umuulize kama anakupa ruhusa ya kufungua kompyuta. Ile sijida uliyoichora kwa siku nne uifute kabla hujatoka dukani, asiione kabisa. Umfungulie paji likiwa tupu, usogeze kiti akae karibu nawe, umuulize ilikuwa wapi.

Yeye aliiona kila siku tangu utoto wake. Atakwambia hapa, la, tini kidogo, teremsha, na haikuwa nyeusi hivyo, na ukubwa wake si huo. Wewe usogeze mkono anapotaka yeye, hata ikichukua mpaka adhana ya magharibi, hata ukiona kwa jicho la ufundi kwamba imekaa upande. Hao watoto wa dada yake hawakumuona babu yao. Watakachokijua cha uso wake ni kile mtakachokitundika ukutani na kile atakachowaambia Bi Swabaha, khalati yao. Kwa hiyo mwenye kusema ni yeye, na wewe kazi yako siku hiyo ni mkono.

Na akikwambia, mwanangu, usitie kitu, sijida haichorwi, basi usitie. Uichape paji likiwa tupu, uitie kwenye fremu, umpe kwa mikono miwili. Watoto wa Maskati watakapofika, atawasimamisha mbele ya picha, atatia kidole mwenyewe pale katikati, awaambie hapa ndipo palipokuwa na sijida ya babu yenu. Nao watamwamini.

Wako,
Bi Raihana